Laetitia Kabange na Sahihi ya Alhamisi

Padri wetu, wajomba, mashemeji wa Base ya jeshi, mama zetu wa soko, Bwana Bourgmestre, na wakubwa wote waliokaa kwenye viti vya kukodi, kabla jina la marehemu halijatajwa familia inaomba kila mtu aweke mkono wa kuume kifuani na kuapa kwa mama aliyemzaa kwamba jambo atakalosikia katika ua huu halitavuka ule uzio wa matete, halitafika kisimani, halitapanda pikipiki kwenda Base wala gari-moshi kwenda Bukama, kwa kuwa ni siri ya ukoo, mjomba Kabwe wa Sanga aliifungia vinywani mwetu, na Salomé Kyungu, pacha wa marehemu, huyu mnayemwona amesimama mbele yenu na miwani ya kuazima, aliapa kwa magoti kwamba hataitoa. Mmeapa wote? Na wewe wa nyuma uliyebeba mtoto? Asante. Siri yenyewe ni hii: tarehe iliyopakwa rangi nyeupe kwenye msalaba ule, 17 Oktoba 2025, si siku aliyokufa Laetitia Kabange. Mjomba anatikisa kichwa, na aendelee, maana leo atakitikisa sana. Siku ya kweli itasomwa mahali pake, kwenye ugonjwa na kifo, kwa sababu historia ya mtu ina hatua zake, na marehemu hakupenda karatasi isomwe kwa kurukwa.

Marehemu Laetitia Kabange alizaliwa hapa Kamina siku ya Jumamosi, tarehe 12 Machi 1955, nyumbani kwa Mzee Mwanza, mkulima wa mahindi na mihogo, na Mama Tshala, binti wa Sanga kandokando ya ziwa Kisale, akabatizwa Jumapili tarehe 3 Aprili mwaka ule ule. Alitoka tumboni robo saa nyuma ya Kyungu, ndiyo maana akaitwa Kabange kama pacha wa pili anavyoitwa kwetu, na ile robo saa dada yake alimkumbusha miaka sabini, kila nyama ilipogawanywa. Mapacha wa ukoo huu wana masharti yao: mmoja akifa haliliwi, hatangazwi, hata jirani wa ukuta haambiwi, mpaka ndugu wa mama afike na kufungua kilio kwa mdomo wake mwenyewe, na siku atakayofika yeye ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kifo, na tena husemwa kwamba pacha aliyebaki akitoa siku ya kweli, atamfuata mwenzake kabla mvua hazijakatika. Salomé Kyungu amelifikiria sharti hilo siku nne nzima, na ameona miaka sabini inamtosha.

Kuhusu masomo, marehemu aliingia shule ya msingi kwa Masista mwaka 1962, akaimaliza mwaka 1968 na cheti chake mkononi, kisha akasoma miaka miwili ya ushonaji na kazi za nyumbani, wakati dada yake aliishia darasa la nne kwa sababu ya hesabu, na kwa sababu ya mdomo. Kuanzia mwaka 1971 alifanya kazi ya kuuza samaki wa kukauka kutoka Bukama, kwanza kwenye kipande cha gunia, baadaye kwenye meza ya mbao, meza ya tatu upande wa kuingilia sokoni, ambayo hakuiacha mpaka mwezi wa saba mwaka huu.

Alifunga ndoa siku ya Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1974, na Sergent Bokungu, mwanajeshi wa Base, mtoto wa jimbo la Équateur, mrefu kuliko mlango, na siku ile mwandishi wa serikali alikataa kuandika Laetitia kwa sababu majina ya watakatifu yalikuwa yamekatazwa miaka ile, akataka kumwandikia jina la kutunga, bibi arusi akaweka maua yake mezani, akachukua kalamu na kujiandikia Kabange, akasema hakuna mkubwa atakayemwandikia jina lake maadamu mkono wake ungali hai. Mkumbuke neno hilo, tutalihitaji. Katika nyumba yao kule Base kulikuwa na kawaida moja ambayo majirani waliicheka: mshahara ukifika unawekwa mezani, wawili wanakaa, wanakubaliana kitakachonunuliwa, ndipo mmoja anakwenda kununua, na Bokungu, ambaye aliogopwa na kambi nzima, hakuwahi kununua hata kiberiti kabla ya kikao. Mungu aliwajalia watoto watatu, Sylvie mwaka 1975, Umba mwaka 1978 na Talitha mwaka 1983, na wajukuu kumi na mmoja, na tarehe 2 Juni 2009 Adjudant Bokungu akatangulia mbele ya haki, akiacha jina safi na viatu viwili tu.

Kwenye uchaguzi wa Desemba 2023 wamama wa soko walimsukuma agombee, akachaguliwa kuwa mjumbe wa baraza la commune yetu, sehemu hii ya mji iitwayo Kalwelwe, na baada ya kungoja kwingi akaapishwa tarehe 5 Septemba 2024, mmoja kati ya wajumbe saba. Kwa wale wasioijua kazi hiyo, mwenyewe alikuwa anaieleza akifunga samaki katika gazeti: bourgmestre, mkuu wa commune, ndiye anayekwenda kununua, lakini baraza ndilo linaloamua kinunuliwe nini, kwa bei gani, na kama kuna haja ya kukopa, na bila kura ya baraza hawezi kutoa franka moja wala kutwika watu deni moja, na akitoa, hata kama ni ya kujenga kanisa, ametoa isiyo yake. Ni ile ile kawaida ya nyumba ya Bokungu, hakuongeza kitu.

Lakini Bwana Bourgmestre Hénoch Mwila, aliye hapa safu ya mbele na suti ya rangi ya majivu, ana kawaida nyingine, kwanza ananunua, halafu anaitisha kikao. Siku ya Jumamosi, tarehe 8 Februari 2025, jeep nyeupe ilisimama mbele ya ofisi ya commune, imechukuliwa kwa deni, na bajeti ya mwaka ule baraza lilikuwa halijafungua hata ukurasa wa kwanza. Alipoulizwa akasema ilikuwa urgence, jambo lisilongoja, na wote wanaomjua wanajua kwamba kwake kila kitu ni urgence isipokuwa mshahara wa wafagiaji. Siku ya Jumatatu, tarehe 24 Machi, akaleta barazani mkopo wa milioni mia sita za franka kutoka kwa wakopeshaji wa Lubumbashi, kulipa jeep, kupaka ofisi rangi, na zaidi ya nusu ya hizo kwa mstari mmoja ulioandikwa «kazi mbalimbali», na kama rehani akaweka ushuru wa meza zote za soko kwa miaka kumi na miwili, maana yake mtoto anayenyonya leo pale mgongoni angeanza kuuza vitumbua akimlipia huyu bwana magurudumu.

Maneno ya siku ile yalisikika mpaka nje, kwa sababu madirisha ya baraza hayana vioo, na dada wa marehemu alikuwa anapita tu chini ya dirisha, kwa bahati, kuanzia asubuhi mpaka saa saba. Bwana Bourgmestre alisema, «Mama Laetitia, mambo ya État, ya Serikali, haiko mambo ya samaki.» Marehemu akamjibu bila kuinuka, «Iko moja tu, Bwana, yote kama haiangaliwe inanuka.» Watu walicheka, yeye akapiga meza, akasema yeye njo chef, ndiye mkubwa, na marehemu akainuka sasa, akasema maneno ambayo sokoni bado wanayarudia: «Chef, ndiyo, lakini weye tunakutuma ku soko, hauko unajituma. Panier iko mu mukono yako, makuta iko ya bantu, na liste njo siye tunaandika.» Kwa wageni wasioijua lugha ya soko letu: kikapu anashika yeye, pesa ni za watu, na orodha ndilo baraza linaloiandika. Kura zikapigwa, wanne walikataa, watatu walikubali, mkopo ukaanguka.

Mtu mwenye haya angeishia hapo. Mwezi wa Septemba Bwana Bourgmestre alirudi na karatasi ya kuzungushwa nyumba kwa nyumba, yenye mistari saba ya sahihi, ikipata nne kura ya Machi imefutwa, na wale watatu wake, ambao tunawaona safu ya pili wakisoma kucha zao, walitia sahihi siku ile ile. Na hapa familia inakiri kosa la marehemu mwenyewe, kwa maana historia isiyokuwa na kosa ni ya uongo. Mwaka jana mwenzao mmoja alipovunjika mguu, ni Laetitia aliyeomba kanuni ya baraza iruhusu mjumbe mgonjwa atie sahihi kitandani, na bourgmestre mwenyewe awe shahidi, asije mgonjwa akapoteza sauti yake. Aliifanya kwa huruma. Hakufikiri kwamba ameacha mlango wazi, na kwamba kuna mtu anayehesabu vitanda.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu alianza kuvimba miguu mwezi wa Julai, daktari akaona figo, akaingizwa hospitali siku ya Jumatatu, tarehe 6 Oktoba 2025, na juma lile akakataa kuiona ile karatasi mara mbili, mara ya pili akageukia ukuta. Alikata roho siku ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake wa kuume ukiwa ndani ya mkono wa pacha wake, ukapoa humo humo.

Jumanne. Aliyesinzia aamshwe na jirani yake, tunarudia: Jumanne, tarehe kumi na nne.

Mjomba Kabwe alikuwa Sanga, akavuka kwa mtumbwi, akasubiri gari-moshi pale Bukama siku mbili, na siku zote hizo sharti la mapacha likafuatwa, wakajua watu wanne tu wa familia pamoja na wa hospitali walioombwa wafunge vinywa, na Salomé Kyungu, ambaye mtaani anasemwa hawezi kuweka siri ya kuku kutaga, aliiweka hii siku tatu, ikamwasha tumboni kama pilipili. Ili majirani wasishuku, Jumatano na Alhamisi alibeba chakula kwenda hospitali kama kawaida, bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo na kipande cha samaki, akapita katikati ya mtaa na sufuria kichwani, akakaa nyuma ya nyumba ya maiti, karibu na ndugu yake, akala peke yake huku machozi yakidondoka ndani ya sombe, maana angerudi na chakula wangeuliza.

Ile sufuria ndiyo iliyomdanganya Bwana Bourgmestre. Siku ya Alhamisi, tarehe 16 Oktoba, saa tisa alasiri, alisimamisha jeep kwenye lango la hospitali, wakopeshaji walikuwa wamempa mwisho Ijumaa, akamwona Salomé anatoka, akamwita kwa heshima ambayo hajawahi kuwa nayo, «Mama Kyungu, mugonjwa iko namna gani?» Akajibiwa, «Anangojea mujomba wake, Bwana.» Akauliza, «Na kula, anakula?» Akajibiwa, «Sahani iko inarudia mutupu.» Hakuna uongo hapo, Padri, kila neno lilikuwa kweli. Akafurahi, akaenda mlangoni, Sista Marceline wa zamu akamwambia hakuna wageni, akarudi ndani ya jeep, akafungua ule mfuko wake wa ngozi, akaweka karatasi juu ya goti, na Salomé, aliyekuwa amesimama kufunga kitambaa, kitambaa ambacho kilikataa kufungika muda wote ule, akamwona anaandika polepole sana, ulimi nje, kama mtoto wa darasa la kwanza.

Jana Ijumaa, tarehe 17, asubuhi, mjomba akafika, akafungua kilio, na kabla ya saa sita redio ya mtaa ilikuwa imetangaza kwamba mkopo wa Kalwelwe umepita, kwa sahihi ya nne, ya marehemu Mama Laetitia, aliyoitia Alhamisi saa tisa na nusu kitandani mwake, akipatana na Bwana Bourgmestre katika saa zake za mwisho. Mnajua kilichofuata, kwa sababu ni ninyi mliokifanya. Wamama wa soko waliokuwa njiani kuja na kuni na unga waligeuka na kuni zao, na wale waliofika walisimama hapo kwenye uzio, mmoja akasema kwa sauti, mbele ya Sylvie na Talitha waliokuwa chini wanalia, «Ule mama aliuzisha soko, tutamulilia ya nini?» Mwingine akatema mate. Miaka hamsini na minne ya meza ya tatu, mabinti zenu aliowakopesha samaki wa kuanzia, harusi alizozipikia, vyote vilifutwa na mstari mmoja wa wino, na wala hamkuuliza. Hasira ya familia kwa mtu aliyeandika ni kubwa, lakini kwenu ninyi mlioamini haraka hivyo si ndogo, na leo asubuhi Salomé alikuwa na mawili ya kuchagua, ashike kiapo cha ukoo na pacha wake azikwe akiwa ndiye aliyeuza soko, au akivunje. Mjomba Kabwe, utusamehe. Amekivunja.

Familia inatoa shukrani zake. Inamshukuru Daktari Lumbala, aliyemhudumia marehemu kama mama yake, na aliyeandika cheti cha kifo chenye siku na saa, Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, nakala yake iko hapa kwa yeyote anayejua kusoma, na inamshukuru mlinzi wa nyumba ya maiti, ambaye katika daftari lake aliandika Jumanne, saa moja asubuhi, mwanamke mmoja, Kabange, na ambaye Alhamisi saa tisa na nusu, saa ya mapatano makubwa, alikuwa amekaa kwenye kiti chake mlangoni, na ufunguo shingoni. Inamshukuru Sista Marceline kwa kusimama mlangoni, na majirani walioazimisha sufuria bila kujua wameazimisha nini. Inawashukuru wajumbe watatu wa baraza waliokataa pamoja na marehemu mpaka mwisho, na inawaambia kwamba kazi haizikwi pamoja naye, jeep bado ipo, na ule mstari wa «kazi mbalimbali» bado unangoja kuelezwa. Inamshukuru yule bwana mwenye shati la bluu, mjumbe wa wakopeshaji, aliyesafiri kutoka Lubumbashi ili akabidhiwe karatasi yake baada ya maziko, tunaomba asafiri salama, mikono mitupu. Na wamama wa soko nao wanashukuriwa, wale walioleta kuni na wale waliozirudisha, wazilete tena, mazishi bado.

Mwisho familia inamshukuru Bwana Bourgmestre Hénoch Mwila, ambaye alikubali kuzungumza kabla ya historia hii, jambo ambalo Padri alishangaa kuombwa, mkamsikia wote akisema kwa mdomo wake kwamba Alhamisi alimshika marehemu mkono na ulikuwa wa moto, na kwamba marehemu alitabasamu, na ambaye alikubali kuiacha ile karatasi juu ya sanduku, imefunguliwa, sahihi juu, ili heshima ionekane na kila mtu. Ni Salomé aliyemwomba aiweke pale. Na asije akasema aliwachanganya mapacha, Laetitia alikuwa mrefu na mwembamba, na huyu anayesoma mnamwona mwenyewe jinsi alivyo.

Mstari unaofuata uliandikwa leo asubuhi saa mbili, kwenye meza ya marehemu, na Padri ameweka jina lake kando kama shahidi: «Wakati maneno haya yanasomwa, Bwana Bourgmestre ameinuka kwenye kiti chake, na mkono wake uko juu ya karatasi.»

Inueni macho mtazame.

Uache mkono hapo hapo, Bwana. Usiurudishe mfukoni, bantu bote banauona.

Nawe Kabange, mtoto wa pili wa Mama Tshala, lala kwa amani katika jina lako mwenyewe, mkono wako ulipumzika tangu Jumanne.